Dirisha la Kuinamia

Mwaka jana nilimpeleka shosho kwenye holi ya mtaa kujiandikisha kwa zile pesa za wazee. Tulifika saa mbili kasoro robo asubuhi. Laini ilikuwa imeshazunguka jengo na kufika kwenye vyoo, ambavyo vilikuwa na kufuli. Kiti hakuna. Wazee waliozoea mambo ya pale walikuwa wamebeba ndoo kutoka nyumbani, wakazipindua na kuzikalia. Sisi hatukujua, kwa hivyo shosho alikaa juu ya begi langu lenye kompyuta, huku akinikumbusha kila baada ya dakika kumi kwamba ikivunjika nisimlaumu.

Saa tano na nusu tukafika dirishani. Ni tundu tu ukutani, lina nondo, na liko chini kiasi kwamba karani aliyeketi ndani anaona tumbo la anayehudumiwa, si uso wake. Ukitaka kusikika lazima uiname. Shosho ana miaka 78 na mgongo wake una historia yake. Akainama. "Shosho, ongea kwa nguvu, sikusikii," karani akasema, bila ubaya wowote. Shosho akainama zaidi. Nikasimama pale nikimtazama mama aliyenilea akiongea na ukuta.

Mlangoni kulikuwa na tangazo. Holi itafanyiwa ukarabati ili iwakaribishe wateja vizuri zaidi, na wananchi wanaalikwa kutoa maoni. Kulikuwa na mchoro wa jengo jipya: vigae vinang'aa, geti la kisasa, taa, maua. Nilipiga picha kwa simu. Usiku nikaivuta karibu nione vizuri. Dirisha lilikuwa palepale, kimo kilekile. Limepakwa tu rangi ya buluu.

Ndipo nikaanza kujiuliza: kwani nani aliamua kwamba mtu akija kutafuta msaada Nairobi lazima ainame? Nilipofuatilia, nikagundua hadithi hii ni ndefu kuliko holi yetu.

Tuanze mbali kidogo na Nairobi. Ukitembea Lamu, mji wa mawe ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, utaona mbele ya nyumba nyingi kuna benchi la mawe lililoshikana na ukuta. Linaitwa baraza. Baada ya baraza kuna daka, kijiukumbi cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili. Mgeni anapiga hodi, anaitikiwa karibu, anakaa. Shida yake inasikilizwa akiwa amekaa, na mwenye nyumba naye amekaa. Hata mpita njia ambaye hana shida yoyote ana haki ya kupumzika kwenye baraza. Benchi liko upande wa barabara, kwa hivyo halihitaji ufunguo.

Sasa angalia safari ya neno hilo. Lilipofika bara na kuingia kwenye midomo ya wakoloni, baraza likawa mkutano unaoitwa na chifu au Bwana DC. Yeye ana kiti na meza chini ya mti. Nyinyi mko chini kwenye nyasi, na mmekuja kuambiwa. Neno lilibaki lakini benchi likapotea. Hadi leo ukisikia "kuna baraza ya chifu" hutarajii kwamba utaulizwa kitu.

Nairobi yenyewe ilizaliwa bila baraza. Reli ilifika hapa mwaka 1899, na mji ulioota kando yake ulihitaji mikono ya Waafrika lakini haukuwataka Waafrika wenyewe. Sera ilikuwa wazi: Mwafrika ni mgeni mjini. Anakuja kufanya kazi, kazi ikiisha arudi kwao. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake na rekodi ya waajiri wake. Wengi waliibeba ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Ukiacha kazi bila mwajiri kutia sahihi, hilo ni kosa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nairobi ilitupa jembe siku ya kwanza, kabla hata ya kutuonyesha pa kukaa. Mfanyakazi alihesabiwa kama kitanda kimoja, si kama mtu mwenye mke na watoto. Na afisi zote alizolazimika kuingia, za kipande, za kazi, za kodi, zilikuwa sehemu za kukaguliwa. Hakuna aliyezijenga akifikiria jinsi mtu atakavyojisikia akiingia. Kazi yake ilikuwa kumchuja.

Watu walijipanga wenyewe. Pumwani, kuanzia miaka ya 1920, Waafrika waliruhusiwa kujijengea nyumba kwenye viwanja walivyopimiwa na baraza la mji. Walijenga kwa ramani waliyoijua kutoka Pwani: vyumba pande mbili, ukumbi katikati, mlango unaotazama barabara. Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Kijana aliyeshuka kutoka kwa treni bila kujua mtu alikuwa na mahali pa kupiga hodi. Kama unatafuta kituo cha kwanza cha kusaidia jamii Nairobi, mimi ningekitafuta kwenye kumbi za zile nyumba za Majengo kabla ya kukitafuta kwenye jengo lolote la serikali.

Serikali ilishtuka baadaye. Mwaka 1939 wafanyakazi wa bandari Mombasa waligoma, na mwaka 1947 mji wote wa Mombasa ukasimama. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimejaza Nairobi watu, na askari Waafrika waliokuwa wametumwa hadi Burma walirudi wakiwa wameona mengi. Wakubwa wakaanza kusema kwamba labda Mwafrika akipewa nyumba ya familia, zahanati na mahali pa burudani, atatulia. Katika fikra hizo ndipo mtaa wa Kaloleni ulijengwa, miaka ya 1940, na wafungwa wa vita wa Kiitaliano walikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo. Nyumba ndogo za mawe, paa za vigae, nyasi na miti. Na katikati ya mtaa, ukumbi wa jamii.

Mtu mmoja aliyeamini sana mpango huu alikuwa Tom Askwith, Mwingereza aliyekuwa afisa wa masuala ya Waafrika katika manispaa ya Nairobi. Huyu jamaa aliwahi kupiga makasia kwenye Olimpiki mbili, 1932 na 1936. Kwa kipimo cha enzi yake alikuwa mtu wa huruma. Lakini wazo lenyewe lilikuwa na kasoro, hata kama waliolibeba walikuwa na moyo mzuri. Ukumbi ulikusudiwa kuwapa watu chai, densi, sinema, madarasa ya kusoma na ya kushona, ili wasipate muda wa siasa. Msaada upo, lakini aliyeamua ni msaada gani unahitajika si yule anayeupokea.

Kilichofuata ndicho sababu ya mimi kuandika haya.

Ukumbi wa Kaloleni ulikuwa na kitu kimoja ambacho afisi za kipande hazikuwa nacho. Uliweza kuingia na kukaa. Haukuwa na dirisha la kuinamia. Ulikuwa na nafasi, paa na mlango mpana, na ulikuwa katikati ya nyumba za watu. Wakazi waliingia kwa ajili ya densi na wakabaki kwa ajili ya mazungumzo. Mikutano ya vyama vya wafanyakazi ikahamia pale, na ya vyama vya siasa vilevile. Ukumbi ukapata jina la utani, House of Commons, jina la bunge la Uingereza. Watu ambao hawakuwa na kura walikuwa wamejipatia bunge lao.

Tarehe 30 Machi 1950 Nairobi ilitawazwa kuwa jiji kwa hati ya mfalme wa Uingereza. Kulikuwa na sherehe kubwa na mgeni wa heshima kutoka familia ya kifalme. Viongozi wa wafanyakazi, wakiwemo Makhan Singh na Fred Kubai, waliwaambia watu wasisherehekee, kwa sababu jiji hilo halikuwa lao. Wiki tatu na siku kadhaa baadaye, tarehe 23 Aprili, Kenya African Union na chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki walifanya mkutano wa pamoja katika ukumbi wa Kaloleni. Hapo Makhan Singh alisimama na kudai waziwazi kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Si mageuzi kidogo, wala viti viwili vitatu vya kuteuliwa. Uhuru.

Fikiria ni wapi maneno hayo yalitamkwa. Kwenye kituo cha huduma za jamii, kilichojengwa ili watu watulie.

Tarehe 15 Mei Singh na Kubai walikamatwa. Siku iliyofuata mgomo mkuu ulianza Nairobi na kusambaa hadi miji mingine. Singh aliwekwa kizuizini hadi Oktoba 1961, zaidi ya miaka 11. Serikali ilikuwa imejifunza somo lake: ukimpa mtu mahali pa kukaa, ataanza kuongea.

Miaka ya Hali ya Hatari, kuanzia Oktoba 1952, ilifunga mlango tena. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, Nairobi ilizingirwa, watu wakapangwa foleni na kuchujwa, na makumi ya maelfu wakapelekwa kambini. Na hapa kuna jambo linaloumiza. Idara ya maendeleo ya jamii, ileile ya kushona na kusoma, ndiyo iliyopewa kazi ya kile kilichoitwa kurekebisha tabia za wafungwa kambini. Askwith ndiye aliyeiongoza kazi hiyo. Alipolalamika kuhusu ukatili aliouona, aliondolewa kwenye mpango huo mwaka 1957. Kuna vile neno "huduma" linaweza kuvaa nguo mbili. Ndiyo maana wazee wengine hadi leo wakiitwa na afisi yoyote, hata ya kuwapa pesa, wanauliza kwanza: "Wanataka nini?" Shosho aliniuliza vivyo hivyo. Nilidhani ni ukaidi. Siku hizi nadhani ni kumbukumbu.

Lakini kuna mfano mwingine wa miaka hiyohiyo, na uko kilomita chache tu kutoka Kaloleni. Mwaka 1959, Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walifungua kituo cha wavulana waliokuwa wakiishi barabarani, wengi wao wakiwa wamepoteza wazazi au makao wakati wa Hali ya Hatari. Walianza na mabanda mawili ya mabati. Jina walilokipa ni Starehe. Sisi tumezoea kulisikia kama jina la shule au la eneo bunge, tumesahau maana yake. Starehe ni neno unalomwambia mtu ili asijisumbue: keti, tulia, usiinuke. Kituo kilianza na mahali pa kulala na kula, kisha madarasa yakaongezwa kwa kadiri watoto walivyohitaji. Jengo lilifuata watu. Kaloleni serikali ilijenga kwanza, kisha ikashangaa watu walichokifanya ndani.

Uhuru ulikuja, na kumbi za Eastlands zikabaki mikononi mwa baraza la jiji. Ndondi, harusi, matanga, mazoezi ya bendi, mikutano ya chama, chanjo za watoto, kura. Ukikua Eastlands, kuna uwezekano mkubwa kwamba ulichanjwa, ulicheza na ulihudhuria matanga ndani ya jengo moja. Lakini ufunguo haukuhamia mtaani. Ulibaki afisini mjini, na mtu wa afisini akichelewa mnangoja nje. Vyoo vikafungwa "kwa sababu ya uharibifu". Nondo zikaongezwa "kwa sababu ya usalama". Dirisha likakatwa ukutani "kwa sababu ya utaratibu". Kila hatua ilikuwa na sababu yake. Ukizijumlisha unapata jengo linalomwogopa mtu linayemhudumia.

Si kwamba hakuna kilichobadilika. Novemba 2013 serikali ilifungua Huduma Centre ya Nairobi kwenye jengo la posta kuu, GPO. Kama unakumbuka afisi za zamani, unajua tofauti. Unachukua nambari, unakaa, unaitwa, unaongea na mtu uso kwa uso kwenye kaunta. Kitu kidogo kama kiti kilifanya watu waseme "kweli mambo imebadilika". Katiba ya 2010, Kifungu cha 54, nayo inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pa umma. Kwa hivyo njia ya gurudumu si hisani ya mkandarasi, ni sheria.

Lakini Huduma Centre inakuita mteja. Mteja anahudumiwa, anashukuru, anaondoka. Kaloleni ya 1950 haikuwa na wateja. Ilikuwa na watu waliokataa kuondoka, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko vigae.

Mfano wa karibu zaidi ni wa maktaba. McMillan, ile ya nguzo na simba wa mawe katikati ya jiji, ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Baadaye ilipata matawi Eastlands, Kaloleni na Makadara. Mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha Book Bunk, shirika linalofufua maktaba hizo tatu kwa ushirikiano na Kaunti ya Nairobi. Rahisi ingekuwa kuanza na jengo maarufu la mjini, lile linalopendeza kwenye picha. Wao walitangulia na ukarabati wa Kaloleni na Makadara, na waliwauliza wakazi wanataka nini. Ukifuata mpangilio huo unaelewa kitu: kukaribisha ni swali unalouliza kabla ya kununua rangi.

Basi, turudi kwa holi yetu. Mkutano wa maoni ulifanyika Jumamosi moja mchana. Tulikuwa watu arobaini hivi: kina mama wa chama, vijana wa timu, mzee wa mtaa, wawili watatu waliokuja kuona kama kuna soda. Jamaa wa mkandarasi alitandaza mchoro ukutani. Akaeleza geti. Akaeleza taa za sola. Akaeleza maua.

Shosho akanyoosha mkono. "Kijana wangu, hilo dirisha mtalitoa ama mtalipaka rangi?"

Watu wakacheka, lakini yeye hakuwa anachekesha. Jamaa akasema dirisha ni kwa usalama wa stakabadhi. Shosho akamwomba asogee mbele. Akamwonyesha kimo cha dirisha kwa mkono, akamwambia: "Hebu inama hapa uniambie jina lako na ya baba yako, na nambari yako ya kitambulisho. Sauti ya juu, watu wote wasikie." Yule kijana alicheka kwanza. Halafu akainama, kwa sababu ni vigumu kumkatalia mtu wa miaka 78. Alipofika kwenye tarakimu ya nne ya kitambulisho alinyamaza, akainuka, akasema, "Sawa, nimeelewa."

Baada ya hapo mkutano ulikuwa rahisi. Tuliandika orodha. Kaunta ambayo pande zote mbili zina viti. Chumba kimoja chenye mlango, kwa mtu mwenye jambo ambalo si la kusikika na laini nzima, maana kuna msichana wa kwetu aliyewahi kuripoti kupigwa mbele ya watu thelathini. Njia ya gurudumu ambayo haiishii kwenye ngazi. Vyoo visivyo na kufuli mchana. Na benchi refu la saruji mbele ya holi, chini ya paa, nje ya geti. Hilo la mwisho nililipendekeza mimi. Mzee mmoja aliyekulia Malindi akasema, "Hiyo si benchi, hiyo ni baraza," na tukaiandika hivyo.

Jamaa wa mkandarasi aliandika yote. Alikuwa muungwana. Tulipofika kwenye jambo la mwisho, kwamba nakala ya ufunguo ikae na watu watatu wa mtaa, mmoja wao kijana na mmoja mwanamke, aliweka kalamu chini. Akasema hilo liko juu ya uwezo wake, tuongee na afisi.

Sikumlaumu. Benchi, kaunta, njia ya gurudumu, hivyo vina bei na mtu anaweza kuviweka kwenye bajeti. Ufunguo hauna bei. Ufunguo ndio uliokuwa tatizo mwaka 1950, na ndio bado haujaandikwa popote kwenye mchoro wetu.

Tumeandika barua kwa afisi, na sahihi 112. Tumepewa tarehe ya kukutana nao, Jumanne ijayo saa tatu asubuhi. Nilimwambia shosho abaki nyumbani apumzike, sisi vijana tutaenda. Alinitazama tu. Ndoo yake iko tayari kando ya mlango.